Mama mzee aliyekataa kukatwa mguu

Tarehe 16 mwezi wa kwanza mwaka wa 1964, mama mzee wa miaka 82 alikuwa amelazwa hospitalini mjini Portland, Marekani. Vidole vya mguu wake vilianza kuoza, kwa sababu mshipa wa damu wa paja ulibana na damu haikufika chini. Waganga walitaka kumkata mguu. Mama akakataa. Familia iliyopokea ndugu aliyerudi na mguu mmoja inaelewa vizuri kukataa huko.

Daktari Charles Dotter hakuwa mpasuaji. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za ndani ya mwili. Huku akitazama picha hizo, alipenyeza waya mwembamba ndani ya mshipa, akapitisha sonda juu ya waya, halafu nyingine nene kidogo, hadi mahali palipobana pakapanuka. Mguu ukarudia joto. Mama huyo aliishi zaidi ya miaka miwili akitembea kwa miguu yake.

Njia hiyo ilikuwa imefunguliwa na mkaidi mwingine. Mwaka wa 1929, mjini Eberswalde, Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alikatazwa na mkubwa wake kujaribu kufikisha sonda moyoni. Muuguzi mmoja alijitolea afanyiwe yeye jaribio. Forssmann akamfunga kwenye meza, kisha kwa siri akaingiza sonda katika mkono wake mwenyewe, sentimita 65. Wakashuka pamoja chumba cha picha, na picha ikaonyesha ncha imefika moyoni. Wakubwa hawakufurahi. Mwaka wa 1956 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili.

Dotter naye alichekwa nchini kwake. Mpasuaji mmoja aliandika kwenye karatasi ya mgonjwa kwamba apige picha tu, asijaribu kutengeneza kitu! Ulaya ndiyo iliyomsikiliza kwanza. Mwaka wa 1977, mjini Zurich, Andreas Grüntzig alipanua mshipa wa moyo wa mgonjwa kwa puto dogo, bila kufungua kifua.

Lakini waliongoja zaidi ni wenye magonjwa ya nadra, yale ambayo daktari anaweza kumaliza kazi yake yote bila kukutana nayo. Kuna watoto wanaozaliwa na kasoro katikati ya ubongo: damu yenye nguvu inamwagika moja kwa moja kwenye mshipa mkubwa uitwao mshipa wa Galen, na moyo mchanga unachoka kwa kusukuma. Zamani, kufungua kichwa kulimaanisha mara nyingi kumpoteza mtoto. Kuanzia miaka ya 1980, Pierre Lasjaunias, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, aliingia kwa mshipa wa kinena, akapanda hadi ubongoni na kuziba njia hizo kwa gundi maalum, kidogo kidogo, akimpa mtoto muda wa kukua kati ya tiba moja na nyingine.

Mwezi wa tatu mwaka wa 2023, waganga wa Boston hawakungoja hata mtoto azaliwe. Mimba ilikuwa na wiki 34. Wakiongozwa na ekografia, picha ileile mama wajawazito wanayoijua, walipitisha sindano tumboni mwa mama hadi kichwani mwa mtoto, wakaziba mshipa kwa nyuzi za platini. Mtoto alizaliwa siku chache baadaye, na moyo wake haukuhitaji dawa.