SP kirefu chake nini, na linatamkwaje?

Wadau, ukifika duka la dawa pale Mwanjelwa au Ipogolo ukasema "SP", unaeleweka fasta. Sasa geuza boksi usome: sulfadoxine-pyrimethamine. Hapo ndipo ulimi unagoma. Tulikate vipande.

Sulfadoxine ina silabi 4: sal-fa-DOK-siin. Mkazo uko silabi ya 3. Hiyo u inasikika kama a yetu, x ni ks, na e ya mwisho haitamkwi. Ukikuta sulphadoxine yenye ph, usishtuke, dawa ni ile ile.

Pyrimethamine ina silabi 5: pi-ri-METH-a-miin. Mkazo silabi ya 3 tena. Th ni ile ya "thelathini", sio dh ya "dhahabu".

Kwa nini tunateleza? Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, ndio maana tunasema salfadokSIni na pirimethaMIni. Sio dhambi, mfamasia atakuelewa. Ila kipande cha mwanzo, "salfa", usikimeze.

Sababu ni hii. Septrin nayo ndani ina sulfamethoxazole, silabi 6: sal-fa-meth-OK-sa-zol. Umesikia hiyo salfa? Hizi dawa ni ndugu. Mtu aliyewahi kubabuka ngozi kwa Septrin asimeze SP, aseme mapema. Na mama mjamzito mwenye VVU anayekunywa Septrin kila siku hapewi SP, maana akichanganya madhara yanaongezeka. Kwa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, ambako maambukizi ya VVU yako juu kuliko mikoa mingi, hilo sio jambo la kupuuza.

Historia kidogo: mwaka 2001 Tanzania iliiacha klorokwini, SP ikawa dawa ya kwanza ya malaria. Vimelea vikaizoea, na mwishoni mwa 2006 ikaingia dawa ya mseto, yaani artemether-lumefantrine. Leo SP kazi yake kubwa ni kinga kwa wajawazito: vidonge 3 kwa mpigo kliniki, baada ya miezi 3 ya mwanzo ya mimba, halafu inarudiwa kwa kupishana angalau mwezi 1.

Kwa hiyo mkiwapeleka dada na wake zetu kliniki, someni boksi kwa sauti. Mkisikia salfa na mama ana historia nayo, mwambieni nesi kabla vidonge havijaingia mdomoni.