Wapagazi 20 Waliofia Karisimbi

Miaka 100 ya Mbuga ya Taifa ya Virunga, iliyotimia tarehe 21 Aprili 2025, imerudisha vinywani mwa watu majina yale yale tuliyoyazoea: Mfalme Albert wa Ubelgiji, aliyetoa amri ya kuiasisi, Carl Akeley, Mmarekani aliyemsihi aifanye milima hii kuwa hifadhi ya gorila, na walinzi wa mbuga, zaidi ya 200, waliouawa wakiitumikia. Wote hao wanastahili kutajwa, na hao walinzi zaidi ya wote. Walakini taarikhi ya Virunga ina wafu wengine 20, waliokufa miaka 17 kabla ya amri ile ya mfalme, kwa baridi, juu ya mlima Karisimbi, kiangazi kilipokuwa kikiisha. Hao hawakuachiwa kaburi lenye alama wala jina, bali tuhuma, kwani kitabu kilichosimulia mauti yao kimewaonyesha kuwa watu waliokubali kufa ilhali wangeweza kuishi. Nia yangu ni kuieleza habari yao kwa urefu unaoistahili, na kuwaondolea tuhuma hiyo.

Msafiri atokaye Kibua, mpakani mwa Masisi na Walikale, akaiacha misitu nyuma yake na kushika njia ya Sake hadi Goma, huikuta milima ya Virunga imesimama mbele yake: Nyiragongo ikifuka moshi, Mikeno iliyochongoka, na Karisimbi, mkuu wa yote minane, wenye kimo cha mita 4,507. Kuna asubuhi ambapo utosi wake huwa mweupe kwa theluji na mvua ya mawe, na huku Goma, iliyo kwenye mita 1,500 hivi kando ya Ziwa Kivu, watu wanakwenda sokoni na shati moja. Kila apandapo mtu mita 1,000 hewa hupoa kwa takriban daraja 6, basi kutoka ziwani hadi kileleni tofauti ni daraja 18, mbali na upepo na maji, ambavyo ndivyo viuavyo hasa. Majira ya kupanda ni mawili: kiangazi kifupi, baina ya Desemba na Februari, na kiangazi kirefu, Juni hadi Agosti. Februari inapoelekea Machi, mawingu ya masika huanza kuvikalia vilele, na mtu aliyetoka kambini jua likiwaka aweza kupigwa na mvua ya mawe siku hiyo hiyo.

Wazungu wa kwanza kuja huku walikuja kwa mambo ya mipaka na ya utukufu. Von Götzen aliupanda Nyiragongo mwaka 1894. Kapteni von Beringe akawapiga risasi gorila wa Sabyinyo mwaka 1902. Mpaka wenyewe kati ya Wajerumani na Kongo haukukubaliwa hadi 1910, ndipo mstari ulipopitishwa juu ya Karisimbi.

Kabla ya mkataba huo, mwaka 1907, ulitoka Bukoba msafara mkubwa wa elimu, ukiongozwa na mwana wa kifalme wa Kijerumani, Adolf Friedrich wa Mecklenburg. Alikuwamo bingwa wa mimea, bingwa wa wanyama, bingwa wa makabila na, kwa ajili ya mawe na volkeno, Egon Kirschstein. Huyu ndiye aliyekabidhiwa kuichunguza Virunga, mlima kwa mlima na kasoko kwa kasoko, kazi iliyomshika miezi mingi hata akawa angali juu Februari 1908, kiangazi kifupi kikiwa ukingoni.

Tuwatazame kwanza waliombebea. Mpagazi wa zama hizo, kwa desturi ya misafara yote ya bara, alichukua mzigo wa ratili 60 hivi, kichwani au begani, miguu mitupu, mwilini shuka la merikani. Kwa vazi hilo alipita kwenye mianzi, ambamo tope humfika mtu magotini, akapita chini ya miti mikubwa iliyovikwa kuvu, akatokea kwenye nyasi na malobelia marefu kupita kimo cha mtu, mahali pasipo na kuni kavu wala pa kujisitiri. Yeye hakuichagua siku ya kupanda. Siku ilichaguliwa na bwana, ikatangazwa na mnyapara, na aliyebaki nyuma alikosa posho.

Ubavuni mwa Karisimbi liko kasoko pana, tambarare, lenye kinamasi, ambalo Kirschstein aliliita Branca kwa heshima ya profesa mmoja wa jiolojia wa Berlin. Humo ndimo tufani ilimowakuta: mvua ya mawe, kisha theluji, na baridi iliyoshuka ghafla juu ya watu waliokwisha lowa. Wapagazi 20 walikufa. Adolf Friedrich, katika kitabu chake kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1909, aliisimulia habari hiyo kwa masikitiko. Lakini simulizi hilo linawaonyesha wapagazi wakitua mizigo, wakijilaza katika maji ya barafu na kuyangojea mauti, wasikubali kuinuka. Msomaji wa Ulaya aliachwa aamini kwamba kilichowaua ni ulegevu wa nyoyo zao.

Hapo ndipo ninapokataa, na kila tabibu wa leo atakuwa upande wangu. Mwili wa binadamu hukaa kwenye joto la daraja 37. Likishuka chini ya 35 mtu hutetemeka, ulimi humwia mzito na vidole havishiki. Likishuka chini ya 32 kule kutetemeka hukoma, akili huzimika kidogo kidogo, na badala ya hofu huja usingizi na kutojali, hata akiambiwa kwamba moto uko hatua chache mbele yake asione sababu ya kwenda. Kujilaza kwao, basi, kulikuwa ugonjwa wenyewe katika daraja yake ya mwisho. Wapanda milima wa Ulaya, wenye buti na makoti ya sufu, wamelala na kufa vivyo hivyo katika milima ya Alps, na hakuna aliyeyatia mauti yao katika tabia ya taifa lao. Simwiti Kirschstein mkatili, kwa kuwa alikuwa nao katika tufani ile ile. Nasema tu kwamba insafu yataka lawama imfuate mwenye kuamuru, wala isimwangukie mwenye kuamrishwa.

Akeley naye alifia huko huko, nje ya majira. Alirudi Novemba 1926, mvua zikiwa zimekolea, akiwa mgonjwa tayari, akashikilia kupanda hadi Kabara, uwanda ulio kati ya Mikeno na Karisimbi, mahali alipopapenda tangu 1921, na tarehe 17 ya mwezi huo akafariki. Mkewe Mary alimjengea kaburi papo hapo. Kaburi hilo lilikuja kuvunjwa na wezi, likajengwa upya. Naona ni vema, kwani alikuwa na hisani kubwa kwa milima hii. Lakini Kabara haiko mbali na kasoko la Branca, na huko hakuna aliyejenga kitu mara ya kwanza.

Baadaye George Schaller aliwasoma gorila hapo Kabara, 1959 na 1960, na Dian Fossey akaanza hapo kazi yake mwaka 1967 kabla ya kuhamia Rwanda. Mbuga ikapewa jina la Virunga mwaka 1969, ikaingizwa katika urithi wa dunia 1979, na katika orodha ya urithi ulio hatarini 1994. Vita vilivyofuata wasomaji wa Masisi na Walikale hawahitaji kusimuliwa.

Ninaloomba si kubwa. Amani ikirudi na njia ya Kabara ikifunguka, liwekwe jiwe lenye hesabu ya watu 20, mwezi, mwaka na kazi waliyoifanya, kwa Kiswahili, lugha ya misafara ile. Na kabla mgeni yeyote hajapandishwa tena, iwe sharti kila mpagazi awe na buti, koti la mvua na blanketi kavu, na kiongozi awe na amri iliyoandikwa ya kuwarudisha watu chini mara mawingu yakikaa kileleni, hata kama mgeni amekwisha lipa.