Ulingo wa Kuamia Ndege

Ulingo huu ni jukwaa la miti na fito, lililofungwa kwa kamba za magome bila msumari hata mmoja na kuezekwa nyasi. Vijijini Ugogo, mkoani Dodoma, ulingo kama huu ulisimamishwa shambani mtama na uwele vilipoanza kukomaa. Watoto waliupanda alfajiri, kwani ndege waitwao kwelea kwelea hushambulia zaidi asubuhi na alasiri, na ndege mmoja huweza kula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Silaha yao ilikuwa teo, kamba yenye kikoba katikati cha kurushia jiwe au donge la udongo, pamoja na makelele. Kazi hiyo ngumu iliokoa chakula cha mwaka mzima. Baada ya mavuno miti iligeuzwa kuni, hivyo ilikuwa nadra ulingo kubaki. Ndiyo sababu ulingo huu umehifadhiwa.