Usukani unaocheza: somo la Safari Rally na Datsun 240Z

Wadau, ikitajwa Safari Rally wengi wetu tunafikiria Subaru na vumbi la Kenya. Tunasahau kwamba mashindano hayo yalianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Milima ya Usambara, ile inayoitazama Korogwe, ilikuwa njiani.

Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda na Datsun 240Z, gari la milango miwili lenye injini ya silinda 6. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda na gari la aina hiyo hiyo, baada ya kulingana pointi na Harry Källström.

Watu husifu injini. Mimi nasifu mafundi, kwa sababu barabara ya mashimo hulegeza usukani kabla ya kuua injini. Kwenye 240Z usukani unazungusha gia ndogo, gia inasukuma fito yenye meno, fito inavuta magurudumu kwa tairodi. Kila kiungo kikilegea kidogo tu, mwisho wa yote dereva anazungusha usukani na gari halijibu.

Wenye magari hayo ya zamani wanajua utaratibu. Kwanza upepo na hali ya matairi. Kisha nyanyua gurudumu la mbele, ulitikise. Likicheza juu na chini, shuku beringi au boljointi. Likicheza kushoto na kulia tu, shuku tairodi, au bushi zinazoshika ile fito. Magurudumu yakiwa imara lakini usukani bado unacheza, angalia kiungio cha mpira chini ya mhimili wake. Mkia ukiyumba unapoachia mafuta, tatizo liko kwenye bushi za nyuma. Alaimenti ni ya mwisho. Kuipima wakati viungo vimelegea ni kutupa hela.

Mwaka 1974 maneno "Afrika Mashariki" yalitoka kwenye jina la mashindano. Mwaka 1977 Jumuiya yenyewe ikavunjika. Utaratibu ule, hata hivyo, haukuwa wa magari ya mashindano peke yake. Anayetoka Handeni kwenda Korogwe na gari kuukuu, akakutana na basi la mkoani, maisha yake yako kwenye bushi ya bei ndogo. Fundi anayekuuzia usukani mzima kabla hajatikisa gurudumu, mwulize amepima nini.

Wazee wa Korogwe waliosimama kando ya barabara miaka ile bado wapo. Nani ameshawahoji?