Uziwi wa kelele kazini katika ukanda wa dhahabu

Uziwi wa kelele kazini ni upungufu wa kusikia unaompata mtu aliyefanya kazi kwa miaka mingi penye kelele kubwa. Mara nyingi huambatana na mlio masikioni ambao mwingine hausikii: mvumo, mluzi au sauti kama ya nyenje. Katika ukanda wa Shinyanga na Geita, ugonjwa huu huwapata wafanyakazi wa migodi mikubwa kama Geita na Bulyanhulu, na pia wachimbaji wa machimbo madogo ya Mwakitolyo, Nyarugusu na Rwamgasa.

Chini ya ardhi kuna mashine za kutoboa mwamba na baruti. Juu kuna kompresa na injini za dizeli. Kwa wachimbaji wadogo kelele isiyokoma ni ya karasha, pipa la chuma linalozunguka na gololi zake ndani likisaga mawe kuwa unga. Anayelisimamia hukaa hatua chache tu kutoka hapo tangu asubuhi, na anayemfuata kwa mazungumzo humwonyesha kwa mkono. Hicho chenyewe ni kipimo: walio umbali wa mkono mmoja wakilazimika kupaza sauti ili wasikilizane, masikio yamo hatarini. Kiwango kinachotumika ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda salama hupungua kwa nusu. Kwenye desibeli 100 ni dakika 15.

Koklea, sehemu ya ndani ya sikio yenye umbo la konokono, ina seli zipatazo 15,000 zenye vinywele. Zikifa hazioti tena, na zinazotangulia ni za sauti nyembamba, karibu na hezi 4,000. Ndiyo maana mgonjwa hasemi kwamba hasikii; hulalamika kuwa watu wanamumunya maneno. Irabu anazipata, ila f, s na sh zinampotea, hata “fika” na “shika” zikawa neno moja. Nyumbani humgundua kwa redio inayozidi kupandishwa. Utafiti kwa wachimbaji wa Tanzania uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta karibu nusu yao wameathirika.

Mlio hutokea pale ubongo, ukikosa taarifa kutoka kwenye koklea, unapojiongezea usikivu. Waliowahi kumeza kwinini wanaufahamu, ila wa kwao uliisha pamoja na dozi. Wa mchimbaji hubaki, na husikika zaidi usiku, mashine zikiwa zimezimwa. Hakuna dawa ya kuuondoa. Mafuta yanayotiwa sikioni hayafiki kwenye koklea. Kinachosaidia ni shime sikio (kifaa cha kusaidia kusikia), redio iliyopunguzwa sauti wakati wa kulala, na ushauri wa kumzoesha mtu asiuogope. Kwa mabingwa wa masikio, mkazi wa Ibadakuli, Shinyanga, huweza kupelekwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, zaidi ya kilomita 150.

Vizibo vya masikio ni rahisi kuliko hayo yote, mradi viingizwe sawasawa na visivuliwe katikati ya kazi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali OSHA, inamtaka mwajiri avitoe na awapime wafanyakazi afya. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, hulipa fidia kutokana na michango ya waajiri. Mchimbaji anayelipwa kwa mgawo wa mawe, bila mkataba, kwa kawaida hafikiwi na sheria hiyo wala mfuko huo.