Mashine za uchaguzi, Kilosa na Mikumi

Katika majimbo ya Kilosa na Mikumi, mkoani Morogoro, kura hupigwa kwa karatasi na kutumbukizwa kwenye sanduku. Mashine ambayo mpiga kura hukutana nayo ni ya uandikishaji wa kibayometria (BVR), inayomwandikisha kwa alama za vidole, picha na saini. Nchini Tanzania, uandikishaji huo ulianzia Makambako, Njombe, Februari 2015, na ukasuasua kiasi kwamba Kura ya Maoni ya Katiba Inayopendekezwa, iliyopangwa kufanyika 30 Aprili, iliahirishwa.

Mashaka makubwa zaidi kuhusu mashine yalijitokeza nchi jirani. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Desemba 2018, mpiga kura alimchagua mgombea kwenye skrini ya mashine kutoka Korea Kusini, ikamchapia karatasi ya kutumbukiza sandukuni; upinzani ulizipinga mashine hizo tangu mwanzo. Kenya ilibaki na karatasi lakini matokeo yalirushwa kwa mtandao. Mahakama ya Juu iliagiza seva zifunguliwe kukaguliwa, tume ya uchaguzi haikutii ipasavyo, na 1 Septemba 2017 uchaguzi wa rais ukafutwa.

Karatasi nayo si kinga dhidi ya malalamiko. Mikumi ilimchagua Joseph Haule (Profesa Jay) wa CHADEMA mwaka 2015, kisha Dennis Londo wa CCM mwaka 2020. Katika uchaguzi huo wa pili, upinzani nchini ulilalamikia mawakala kuzuiwa vituoni na karatasi zilizokwisha kutiwa alama. Kompyuta hazikuwa kiini cha malalamiko hayo.