Merikani, Melimeli na Robo Pana

Mshonaji wa mifarishi anapoingia duka la vitambaa ugenini, swali la kwanza huwa la lugha. Majora yamepangwa rafuni, bei zimebandikwa, na nyuma ya meza ndefu yupo mtu mwenye mkasi anayesubiri kusikia mambo mawili: unataka kitambaa gani, na unataka kiasi gani. Majibu ya maswali hayo hubadilika kila unapovuka mpaka. Kitambaa kilekile huitwa hivi London na vile Pennsylvania, na kipimo kilekile hukatwa namna mbili zisizofanana. Naamini anayejua vizuri maneno ya vitambaa katika Kiswahili ana silaha nzuri ya kwenda nayo dukani, kwa sababu msamiati wetu wa nguo ulijengwa na biashara ya bahari, na umeshayapima mengi anayokwenda kuyakuta.

Nianze na kazi yenyewe. Mfarishi una tabaka tatu: uso ulioungwa kwa vipande, pamba katikati, na bitana chini. Tabaka hizo hupigwa bandi ili zisicheze, kisha hudariziwa pamoja kwa mishono midogo inayopenya mpaka upande wa pili. Maneno hayo yote tunayo. Mfarishi ni neno la ukoo mmoja na yale ya Kiarabu yahusuyo kutandika. Kudarizi wanakujua washona kofia wa Lamu na Unguja. Bandi na bitana huwezi kukaa nusu saa kwa fundi cherehani bila kuyasikia. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema “kwilti”, kana kwamba tumeamshwa jana.

Neno ninalolipinga zaidi ni viraka. Wengi wakiuona uso wa mfarishi husema ni kazi ya viraka. Lakini kiraka hufuata tundu: nguo imetoboka au imechanika, unatafuta kitu cha kuziba. Kipande cha mfarishi hakizibi chochote. Kimechaguliwa kwa rangi yake na kukatwa kwa kipimo kabla ya kukutana na jirani yake. Kazi hiyo ni kuunga, na kinachoungwa ni vipande. Tofauti hii ina uzito dukani, kwa sababu anayetafuta viraka hutosheka na chochote kilichobaki, ilhali anayetafuta vipande hujua anataka nini na kwa nini.

Sasa tuje kwenye kitambaa gani. Tuchukue kile cha pamba kisichopakwa rangi wala kung’arishwa, chenye weupe wa maziwa na vijidoa vya ganda la mbegu ya pamba. Washonaji hukitumia kwa bitana, kwa mandhari ya maua ya kubandika, na kwa kujaribia mkato kabla ya kugusa kitambaa cha bei. Sisi tunakiita merikani. Jina hilo lina historia inayojulikana: mwaka 1833 Marekani ilitiliana mkataba wa biashara na Sayyid Said, na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wakawa wanaleta Zanzibar pamba iliyofumwa katika viwanda vya New England. Kitambaa kikaingia bara na misafara, na jina la nchi likawa jina la nguo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 viliikata pamba hiyo, na vitambaa vya Uingereza na India vikajaza pengo. Hata hivyo watu waliendelea kuita merikani kile kilichofumwa Bombay.

Lakini ukienda Marekani kwenyewe, duka la vitambaa halitakuelewa ukitaja merikani. Huko kitambaa hicho huitwa muslini. Ukivuka Atlantiki ukafika London ukaomba muslini, utaletewa kitu kingine kabisa: kitambaa chembamba, chepesi, kinachopitisha mwanga, ambacho akina mama huko hukitumia kwa watoto wachanga na wapishi hukitumia kuchujia. Hicho kwetu ni melimeli. Ile merikani yetu, Mwingereza anaiita kaliko. Na ukirudi Marekani ukaomba kaliko, utaonyeshwa kitambaa cha pamba kilichochapwa maua madogomadogo, ambacho wazee wetu wangekitambua mara moja kuwa ni chiti.

Mataifa mawili yanayozungumza lugha moja yamegawana maneno mawili na kuyapachika kwenye vitambaa vitatu, kila upande kwa mpangilio wake. Kiswahili kina maneno matatu kwa vitambaa vitatu: merikani, melimeli, chiti. Hakuna linalogongana na jingine. Utajiri huu umetokana na pwani iliyokuwa ikinunua kutoka pande nyingi kwa wakati mmoja, na mnunuzi wa pande nyingi hawezi kuishi na jina moja kwa mizigo miwili. Neno chiti limetoka India, kama lilivyotoka huko jina la Kiingereza la pamba ya maua iliyowatia wazimu wanunuzi wa Ulaya hata serikali zikaipiga marufuku: Ufaransa kuanzia 1686 hadi 1759, Uingereza kwa sheria kali ya 1721 iliyofutwa 1774. Kaliko ni kumbukumbu ya bandari ya Kozhikode, ambayo Wazungu waliiita Calicut. Muslini ni kumbukumbu ya Mosul. Majina ya vitambaa hupenda kutaja bandari na masoko, na jina letu la merikani limo katika safu hiyohiyo.

Afrika nayo imo. Katika duka la Liberty, London, lililoanzishwa 1875, pamba inayosifika kuliko zote huitwa Tana Lawn, laini karibu kama hariri, yenye maua yaliyochapwa kwa ustadi mkubwa. Tana hiyo ni Ziwa Tana la Ethiopia. Mswahili anayekishika kitambaa hicho na kulipa bei yake anastahili kujua kwamba jina lililoandikwa ukingoni ni la ziwa la bara lake.

Swali la pili ni la kiasi, na hapa ndipo msafiri hupoteza fedha. Marekani huuza kwa yadi ya inchi 36, na pamba ya mifarishi huwa na upana wa takriban inchi 44. Ukiomba robo yadi, mwenye mkasi atapima inchi 9 kwenye urefu wa jora na kukata moja kwa moja mpaka ukingo wa pili. Utapata utepe mrefu wa inchi 9 kwa 44. Lakini washonaji wa huko wana robo nyingine: hukatwa nusu yadi, inchi 18, kisha nusu hiyo hugawanywa katikati ya upana, na kila upande ukawa inchi 18 kwa 22. Eneo ni lilelile. Manufaa si yaleyale. Kwenye utepe wa inchi 9 huwezi kupata mraba wa inchi 10, wala ua kubwa haliwezi kutoka zima. Kwenye ile ya pili vyote vinawezekana. Uingereza na nchi nyingine za mita huikata kwa sentimita 50 kwa 55 hivi, zikikaribia kipimo hicho bila kulingana nacho. Kwa Kiingereza robo hiyo huitwa kwa neno la unene, kama mtu aliyeshiba. Kwa Kiswahili napendekeza robo pana, na ile ya utepe iwe robo ndefu. Fundi yeyote wa Kariakoo akiyasikia maneno hayo atajua mkasi upite wapi, na hilo ndilo jaribio la istilahi njema.

Japani ina hesabu yake. Nippori, kaskazini-mashariki mwa Tokyo, kuna mtaa wa karibu kilomita moja ambao maduka yake mengi ni ya vitambaa, vifungo na nyuzi. Bei nyingi hutajwa kwa mita, lakini yako maduka Japani yanayoandika bei ya kila sentimita 10, na tarakimu ndogo kwenye kibandiko humdanganya asiyesoma mpaka mwisho. Kando ya pamba ya kisasa kuna vitambaa vya kimono, ambavyo vina kipimo cha kale kiitwacho tan: upana wa sentimita 36 hivi, urefu wa kama mita 12, kiasi kinachotosha kimono moja ya mtu mzima. Kimono hukatwa kwa mistari iliyonyooka, kwa hiyo ikichakaa hufumuliwa na vipande vyake huuzwa tena. Tarehe 21 ya kila mwezi, kwenye soko la hekalu la Toji mjini Kyoto, mshonaji anaweza kuchagua hariri za namna hiyo kwenye makapu na meza.

Nikifikiria tan nafikiria doti. Katika biashara ya misafara ya karne ya 19, shuka ilikuwa kipimo cha mikono minne, karibu yadi mbili, na shuka mbili zikafanya doti moja. Leo doti ni jozi ya kanga. Mjapani na Mswahili, bila kuulizana, waliipima nguo kwa mwili utakaoivaa. Yadi na mita hazimjui mvaaji. Ndiyo sababu mtu mwenye doti kichwani hupanga manunuzi yake vizuri: huuliza kwanza kazi inadai nini, ndipo atafsiri katika kipimo cha wenyeji.

Kabla ya kulipa, lazima kitambaa kishikwe, na lugha ya mkono tunayo. Nguo iliyofuliwa ikapungua tunasema imerudi. Inayotoa rangi majini inachuja. Iliyopoteza rangi juani imepauka. Mfarishi una vitambaa vya maduka mengi vilivyoshonwa pamoja, kwa hiyo kimoja kikirudi kuliko wenzake uso mzima hukunjamana, na kimoja kikichuja humchafua jirani. Chukua mfano wa vitambaa vya nili vya Japani, ambavyo macho ya pwani huviona kuwa ndugu wa kaniki. Lowesha kidogo leso nyeupe, usugue pembeni kwa ruhusa ya mwenye duka. Leso ikipata samawati, kitambaa hicho kifuliwe peke yake mara kadhaa kabla ya kuungwa na cheupe.

Kisha kivute. Ukivuta sambamba na ukingo, unavuta mtande, na kitambaa hakiongezeki. Ukivuta kutoka ukingo hadi ukingo, unavuta mshindio, nacho hulegea kidogo. Ukivuta hanamu, kutoka pembe hadi pembe, kitambaa hunyumbuka kwa wingi. Kipande kilichokatwa hanamu kikiwekwa kwenye mzingo wa nje wa mfarishi, ukingo wote hutoka na mawimbi yasiyopigika pasi. Mtande, mshindio, hanamu: maneno matatu yanayomwambia mshonaji anunue kiasi gani cha ziada, kwa maana umbo la pembetatu hula kitambaa kuliko la mraba.

Na uso wa mfarishi nao una majina tayari. Kanga ina mji, pindo na jina. Mifarishi mingi ya Ulaya na Marekani ina uwanja wa kati na mpaka unaouzunguka. Uwanja huo ni mji, na mpaka huo ni pindo. Tunapokopa maneno hayo hatuipotoshi kanga. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso zilizochapwa kwa mfululizo kabla hazijatenganishwa, wakachukua sita, wakazikata tatutatu na kuziunga ziwe vazi moja. Jina la leso, lenye asili ya Kireno, bado linatumika Mombasa. Kwa simulizi hiyo, kanga yenyewe ilizaliwa kwenye meza ya mkato, kwa mteja aliyedai mkasi upite mahali ambapo muuzaji hakupakusudia.

Ng’ambo ya bahari wapo Wasidi wa Karnataka, India, wazao wa Waafrika. Wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi. Huanza pembeni na kuzunguka kuelekea katikati, wakidarizi kila kipande kinapowekwa, na kwenye pembe huweka vipande vidogo vilivyokunjwa viitwavyo phula, yaani maua. Kwa maneno yetu, kawandi huanzia kwenye pindo na kumalizikia mjini. Sentensi hiyo fupi inaeleza ufundi mzima, na anayeisoma kwa Kiswahili anauelewa bila mchoro.

Ninachoomba ni kidogo. Walimu wa ushonaji wayafundishe maneno haya pamoja na vipimo, na watunga kamusi wakae na mafundi na wauza vitambaa kabla ya kukopa. Istilahi za kazi ya mikono hupitishwa na wanaoifanya. Kwa msafiri, ushauri wangu ni kuandika orodha ya manunuzi kwa Kiswahili kwanza: merikani kwa bitana, chiti ya maua madogo robo pana nne, kitambaa kisichochuja kwa pindo. Orodha hiyo inasema kitambaa, kiasi, tabia na kazi. Ukiwa nayo, jina la wenyeji ni la kuuliza tu, na mwenye mkasi atakujibu.